Pigano la Kinu cha Maji, Mara ya Pili

Palikuwa na fundi wa meno bandia ambaye kwa miaka mingi alikuwa na ugomvi na mtu aliyekufa. Marehemu mwenyewe hakuwa ndugu yake wala jirani yake, na hawakuwahi kugombea mpaka wa kiwanja. Alikuwa jenerali wa huko Ulaya, wa karne ya kumi na nane, mwenye nywele za bandia zilizopakwa poda na soksi nyeupe zilizofika magotini, ambaye asubuhi moja ya ukungu alishindwa vita karibu na kijiji chenye jina refu lililojaa konsonanti. Fundi, aliyezisoma habari hizo katika kitabu kikuukuu, aliwahi kulijaribu jina hilo kwa sauti, akahisi litamvunja meno, akaachana nalo. Pigano lenyewe akaliita Kinu cha Maji, kwa kuwa katikati ya uwanja palikuwa na kinu cha kusagia ngano kilichozungushwa na kijito.

Mambo yalikwenda hivi. Jeshi la Wabluu lilifika kwanza, tena lilikuwa kubwa. Ng'ambo ya kijito walikuwepo Wekundu, wachache, wamechoka, wengine hawajala. Lakini ukungu ulikuwa umetanda, na mizinga ya Wabluu ilikuwa imekwama kwenye matope nyuma huko. Basi yule jenerali wa Bluu akasema, tusubiri. Ukungu uondoke, mizinga ifike, kisha tuwatandike kwa raha zetu. Akaagiza kiti, akaketi. Wekundu hawakuagiza kiti. Walivuka kijito wakaja, na adhuhuri ilipofika Wabluu walikuwa wanatimua mbio wamekumbatia kofia zao. Jenerali akanyang'anywa cheo, akamalizia siku zake akifuga nyuki kwa shemeji yake.

"Angekwenda tu!" fundi alikuwa akisema. "Angekwenda tu, upande wa kulia, kwenye ukungu uleule, akawakuta Wekundu wanafunga viatu. Lakini wapi! Kaketi!"

Alisema hivyo kazini, alisema hivyo msibani, alisema hivyo mezani mkewe akimpitishia chumvi. Msema pweke hakosi, na katika nyumba ile hakuna aliyejua habari za vita hivyo kiasi cha kumpinga, kwa hiyo alikuwa hakosi miaka yote.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno. Mbele alikaa daktari, na kazi ya daktari ilikuwa kung'oa. Kazi ya fundi ilikuwa kurudisha. Kwenye rafu zake zilijipanga taya za plasta, za watu wa mtaa mzima, zote zimeachama kama zimechekeshwa na jambo moja. Ukutani, juu ya benchi, alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO. Wateja wake walipata muda wa kutosha wa kuisoma, maana fundi huyu hakuwa na haraka hata kidogo. "Njoo Alhamisi," alimwambia kila mtu, wala hakutaja ni Alhamisi ipi. Mzee mmoja alimwoza binti yake kabla meno hayajawa tayari. Katika picha zote za harusi mzee amefumba mdomo kwa nguvu, na mtu asiyejua hudhani hakuikubali posa.

Si kwamba fundi alikuwa mvivu. La. Jino akishalipanga kwenye nta alilitazama, akaligeuza unywele mmoja, akalitazama tena, akalirudisha lilikokuwa. Alikuwa mtu wa kutaka kitu kitimie barabara, na kitu kinachotaka kutimia barabara hakitoki mapema. Lakini meno yake yakishaingia mdomoni yalikaa. Hilo hata wale waliomlaani walilikiri, tena kwa kutafuna.

Majeshi yake mawili nayo yalizaliwa kwenye benchi hilohilo. Ile plastiki ya rangi ya waridi ya kutengenezea fizi haiishi yote. Kila seti ya meno huacha kipande, na kila kipande fundi alikishindilia kwenye kalibu kikiwa bado laini, akatoa askari mrefu kama kidole cha shahada. Kisha akampaka rangi: koti, mishipi, vifungo, kofia ya pembe tatu, gobori begani. Rangi ikibanduka, waridi ilichungulia chini yake, askari akaonekana kama aliyechunika kweli. Kwa miaka mingi alitengeneza hivyo, mmoja mmoja, hadi Wabluu na Wekundu wakatimia, farasi zao na ngoma zao na mizinga yao. Na yule jenerali akamtengenezea kiti.

Mshindani wake alikuwa mpima ardhi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Bwana Kipimo. Alikuwa mtu mwembamba, mnyoofu, aliyetembea na rula ya chuma ndani ya mfuko wa ngozi kama wengine wanavyotembea na miwani. Jumamosi kwa Jumamosi hawa wawili walikuwa wakipigana vitavita vidogo vya kujifurahisha mezani. Lakini Kinu cha Maji walikiweka akiba mpaka majeshi yakamilike. Na sasa yalikuwa yamekamilika. Siku ikapangwa.

Wiki hiyohiyo mama mkwe alipasuliwa goti.

Mama mkwe huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule kubwa ya bweni, na ingawa alistaafu zamani, ustaafu wenyewe ulikuwa haujamfikia. Watu wazima wenye vitambi walikuwa bado wakimwona njiani wanachomekea mashati. Mke wa fundi, muuguzi msimamizi wa wodi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista na ambaye wagonjwa wake walimeza dawa kwa kutazamwa tu, mbele ya mama yake alikuwa binti mdogo. Na fundi je? Fundi alikuwa mkwe. Hapo mtu anaelewa.

Yeye na mama mkwe waliheshimiana kwa mbali, kwa salamu na kwa meno. Meno ya mama yule alikuwa ameyatengeneza yeye, na yalirudishwa mara tatu. "Baba, meno haya yananong'ona," alimwambia mara ya kwanza. Mara ya pili yalikuwa yanapiga mluzi kwenye herufi s, jambo baya kwa mwalimu mkuu anayetaka kusema "simama". Baada ya mara ya tatu yalinyamaza, isipokuwa pale alipofikiri sana. Hapo yaligongana, ta!, mara moja, na aliyekuwa mbele yake akajua hukumu imefika.

"Mama anatoka hospitali Jumatano," Sista alisema. "Atalala kile chumba cha watoto. Vita vyako vinahamia wapi?"

Watoto walikuwa wamekua wakaondoka, na chumba chao ndimo uwanja wa vita ulimokuwa: mlango wa zamani uliolazwa juu ya meza mbili, umefunikwa kitambaa cha kijani, una miti ya sponji, kinu cha vijiti na kijito kilichopakwa vanishi mpaka kikang'aa.

"Nitafikiria," fundi akasema.

Jumatano ikafika akiwa bado anafikiria. Ikabidi kitanda kibanwe ukutani, ubavuni mwa uwanja, na mama mkwe akalazwa usawa wa ubavu wa kushoto wa Wekundu.

Asubuhi yake fundi alibisha hodi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka nikajikuta nimezingirwa." Alielekeza fimbo yake kwenye meza. "Hawa wote wanafanya nini hapa?"

"Wanasubiri Jumamosi, Mama."

"Na huyu aliyekaa kwenye kiti?"

"Huyo ndiye jenerali wao. Mjinga mkubwa." Fundi akaona mlango umefunguka, akaingia. Akaeleza ukungu, mizinga, matope, kulia, kushoto, na jinsi ambavyo angekwenda tu. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi waliochelewa.

"Huyo mjinga alikaa jeshini miaka mingapi?"

"Kama arobaini hivi, Mama."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi sijawahi, Mama."

"Enhee," akasema mama mkwe. Ta!

Tangu siku hiyo kila fundi aliporudi kutoka kazini jioni alikuta mambo yamebadilika uwanjani. Vikosi alivyoviacha vimekaa ovyo ovyo, kama vikosi vya kweli vinavyokaa, alivikuta vimenyooshwa kwa fimbo, wafupi mbele, warefu nyuma. Alivirudisha. Kesho yake alivikuta vimenyooshwa tena. Alitaka kusema neno. Lakini neno gani, na kwa nani?

Jumamosi Bwana Kipimo alifika saa nne, kapiga pasi hadi soksi. Alimwamkia mwalimu mkuu kwa kuinama kidogo, akauliza hali ya goti, akaambiwa goti halijambo, la kuuliza ni chai. Sista akaenda kuipika. Fundi akatoa pamba, akaitandaza juu ya meza nzima mpaka miti ikapotea. Huo ndio ukungu. Kila awamu wangerusha dadu, na ikitoka sita, pamba inaondolewa. Mizinga ya Bluu nayo ilikuwa njiani, pembeni kabisa mwa meza, ikingoja dadu yake.

Kila kitu kilikuwa tayari. Hapo Bwana Kipimo akatoa rula, akanyanyua pamba kidogo, akapima kijito.

"Hiki ni nini?"

"Kijito."

"Huu ni mto, ndugu yangu. Tena mto mkubwa. Kwa kipimo tulichokubaliana, farasi wangu hawezi kuruka hapa."

"Kitabu kinasema kilikuwa kimefurika."

"Kitabu chako hakina jalada, hakina kurasa za mwisho, na za kwanza zimeliwa na mchwa. Mimi nimepima mito ya kweli maisha yangu yote, nimenyonywa na ruba kwa ajili ya mito! Unataka kunifundisha upana wa mto?"

"Sikufundishi. Nasema kilifurika."

"Kilifurika upande wangu tu? Maana upande wa kulia, unakotaka kupita wewe, naona umekiacha chembamba kama uzi."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi akasema kitu ambacho hakupaswa kukisema, kwamba watu wengine walipima viwanja mpaka leo majirani wamo mahakamani. Bwana Kipimo akajibu kwamba watu wengine waliwaacha wazee wa watu wanakunywa uji miaka miwili. Sauti zikapanda.

"Maji ya kifuu, bahari ya chungu," ikasikika kutoka kitandani.

Lakini ilikuwa imeshachelewa. Bwana Kipimo aliirudisha rula kwenye mfuko wake kama mtu anayerudisha upanga, akamuaga mwalimu mkuu kwa heshima zote, akatoka. Kwenye ukumbi alikutana na Sista na sinia la chai.

"Heh! Vita vimekwisha mapema hivyo?"

"Havijaanza, Sista. Ila mimi nimeshafanya amani na nafsi yangu." Akachukua kikombe kimoja palepale, akanywa amesimama, akashukuru, akaenda zake.

Chumbani fundi alisimama mbele ya meza yake kama mtu aliyepika kwa pilikapilika halafu wageni wakageukia njiani. Miaka yote ile, askari wote wale, halafu upana wa vanishi! Alianza kuikusanya pamba.

"Acha," alisema mama mkwe. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nipe hiyo dadu. Mimi nitakuwa yule mwembamba."

"Mama, mchezo huu una sheria zake..."

"Shule haina sheria?"

Fundi akamtazama Sista, ambaye alikuwa ameweka sinia chini na sasa alikuwa akiangalia dirishani kwa makini makubwa. Hakupata msaada. Akaeleza sheria. Askari wa miguu huenda urefu huu, farasi huenda urefu huu, ukifika karibu unapiga dadu. Akatoka nje ya chumba kama sheria inavyotaka, ili Wekundu wafichwe chini ya pamba popote mkuu wao apendapo. Akiwa pale ukumbini alimsikia mama mkwe akiongea na vikosi kwa sauti ndogo: "Nyinyi huku. Nyinyi nyamazeni."

Aliporudi, meza ilikuwa nyeupe tupu, na mama mkwe amekaa kitako kitandani, mguu juu ya mto, kikombe mkononi.

"Karibu, Baba. Anza wewe. Wewe ndiye uliyefika kwanza."

Hiyo ndiyo saa aliyoingojea. Upande wa kulia kijito kilikuwa chembamba. Vikosi vyake vilivyo bora vilikuwa palepale, mbele yake. Hakukuwa na wa kumzuia, hata Bwana Kipimo hakuwepo. Alinyoosha mkono, akamgusa askari wa kwanza wa kikosi cha kwanza.

Huyo alikuwa ametokana na seti ya juu ya meno ya fundi seremala mmoja, na mikono ya koti lake yenye pambo la njano ilimchukua fundi jioni nne. Wa pembeni yake alikuwa na sharubu. Fundi aliwajua wote kwa sura, na hakujua chini ya pamba ile kuna nini. Huenda hakuna kitu. Huenda mizinga yote ya Wekundu imepangwa pale, inamtazama. Mama mkwe si mtu wa kuacha mlango bila zamu. Akifikiria vizuri, mizinga yake mwenyewe ingefika awamu inayofuata. Sita ikitoka tu, ataona kila kitu.

Akauondoa mkono.

"Nasubiri mizinga," alisema.

Sista akageuka kutoka dirishani. "Unafanya nini?"

"Nasubiri kidogo."

"Baba, si ulisema angekwenda tu?" mama mkwe aliuliza.

"Hali hapa ni tofauti."

"Tofauti gani?"

Fundi akasema lililokuwepo. "Kuna ukungu."

Sista aliweka kiganja mdomoni akatoka mbio, na kutoka jikoni zikaja sauti za mtu anayekohoa sana. Mama mkwe hakucheka. Alirusha dadu, ukungu haukuondoka. Alirusha ya mizinga, mizinga haikuja. Akasema na yeye kwa awamu hii amepita, apate kumalizia chai. Zamu ikamrudia fundi. Akautazama upande wa kulia mpaka macho yakamuuma. Akavuta kikosi kimoja mbele, nusu ya rula. Akakirudisha.

"Hairuhusiwi kurudisha, au?" mama mkwe aliuliza.

"Sikuwa nimeachia mkono, Mama."

"Sawa. Basi?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini, Baba, hasa?"

Aliuliza bila ubaya, kwa kutaka kujua tu. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu alipokifahamu kile kitabu, akajiuliza kama kuna mtu aliyemuuliza yule jenerali swali hilo, asubuhi ile, kwa upole namna hiyo. Na kama alikuwa na jibu.

Ta!

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Alichukua fimbo, akaipitisha chini ya pamba, na kutoka upande wa kulia, mahali palepale kijito kilipokuwa chembamba kama uzi, farasi wote wa Wekundu wakajitokeza kwa mpigo mmoja.

"Mimi sikuzoea kusubiri watu waamke," alisema.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Jenerali wa kwenye kitabu angalau alishindwa adhuhuri. Wa kwenye meza alikwisha kabla chai haijapoa. Dadu za mama mkwe zilitoka tano na sita kana kwamba ziliogopa kutoka vinginevyo. Kikosi chenye mikono ya njano kililala chali kizima. Farasi wakakifikia kinu, wakakipita, wakafika kwenye kiti, na mama mkwe akamwinua jenerali kwa vidole viwili akamweka kwenye kimeza cha kando ya kitanda chake, karibu na dawa za goti.

"Huyu abaki na mimi," alisema. "Nitazungumza naye."

Fundi alitoka akakaa barazani. Alikuwa amefadhaika, ila si kwa kushindwa na mama mkwe. Hilo lingemshangaza nani? Kilichomchoma ni ule mkono wake uliorudi nyuma wenyewe. Alikaa pale akawaza mambo mengi: kiwanja alichotaka kununua mpaka kikajengwa na mwingine, kazi ya mji mwingine aliyoitafakari hadi ikapata mtu, na hata Sista mwenyewe, maana ukweli ni kwamba ni yeye Sista aliyesema, "Sasa mimi nawaambia wazazi wangu kwamba unakuja Jumapili, uje usije." Alikwenda. Akashukuru maisha yake yote kwamba kuna watu wengine duniani wasioagiza viti.

Alivumilia siku chache, kisha jioni moja baada ya kazi akapitia kwa Bwana Kipimo. Alikuwa ameandaa namna ya kuanza, lakini mpima ardhi alimfungulia mlango akiwa tayari anatabasamu.

"Karibu, karibu. Nimesikia nilishinda."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu mkuu alinipigia simu. Alisema, 'Bwana Mpima, nakuarifu kwamba jeshi lako limeshinda bila wewe. Usirudie utoro.'"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Fundi akasema upana wa kijito uwe anavyotaka yeye. Bwana Kipimo akasema la, amefikiria, huenda kweli kilifurika. Kila mmoja akang'ang'ania kumshindisha mwenzake, na nusura wagombane upya.

Ila toka siku hiyo fundi aligeuka. Wale waliozoea "Angekwenda tu" wakaanza kusikia mengine. Mezani, Sista akimpitishia chumvi, fundi alisema kwamba watu wanaomcheka yule jenerali hawajawahi kusimama kwenye ukungu. Kwamba mtu mwenye askari wa kuwajali hawatupi tu. Kwamba subira huvuta heri, na kama mizinga ingefika, leo tungekuwa tunamsifu. Alisema hayo kwa moto uleule wa zamani, bila hata kupumzika katikati.

"Miaka yote umeniambia mtu huyu mjinga," Bwana Kipimo alilalamika. "Mimi nimekwisha kubaliana nawe, sasa unaniacha peke yangu?"

Wiki iliyofuata walirudia pigano, na mama mkwe akataka awe Bluu. Alisema amezungumza na jenerali usiku na mchana na ameanza kumwelewa. Bwana Kipimo akawa Wekundu kwa mikono yake mwenyewe safari hii. Fundi akakaa katikati kama mwamuzi, na kwa siri alikuwa na hofu. Ilikuwa wazi kwamba mama mkwe angekwenda moja kwa moja, upande wa kulia, angeshinda, na ile nadharia ya zamani aliyoitupa juzi tu ingethibitishwa mbele ya macho yake.

Mama mkwe alirusha dadu, akatazama meza, akatazama goti lake.

"Leo limevimba," alisema. "Siendi popote. Sista, nipe kile kibiskuti."

Akala kibiskuti. Awamu ya pili akala cha pili. Bwana Kipimo, aliyekumbuka historia na aliyekuwa na hamu ya kuonyesha kwamba hata yeye si mtu wa kusubiri, akavusha jeshi lake lote kijitoni kwa haraka, farasi mbele, ngoma nyuma. Walipokuwa katikati ya maji, dadu ya ukungu ikatoka sita. Fundi akaikunja pamba. Dadu ya mizinga ikatoka nayo. Wekundu wakaonekana wote, wamelowa, wamebanana, na mbele yao mizinga ya Bluu imepangwa mstari mmoja mnyoofu kama madawati ya darasa la mtihani.

"Masikini," alisema mama mkwe, akapiga.

Ilipokwisha, fundi alisimama, macho yakimng'aa. "Mnaona? Si nilisema! Mimi si nilisema?"

Bwana Kipimo akamtazama Sista. Sista akamtazama mama yake. Wote watatu walijaribu kukumbuka ni lipi kati ya yale mawili alilokuwa amelisema, na kwa kuwa kweli alikuwa ameyasema yote mawili, hakuna aliyeweza kumbishia.

Goti likapona. Mama mkwe aliondoka asubuhi moja, amebebewa mikoba, na mlangoni alimwambia fundi kwamba alikuwa mwenyeji mzuri na kwamba apunguze kufikiri. Jioni hiyo fundi aliingia kile chumba. Vikosi vilikuwa wima, mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza hakuvigusa. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Chumba kilikuwa kikubwa kupita alivyokikumbuka, na alijisikia vibaya kidogo kwa namna ambayo mkwe hapaswi kujisikia.

"Mama atarudi lini?" alimuuliza mkewe wakiwa wanakula.

Sista aliacha kijiko hewani. "Rudia."

"Nauliza tu."

Haukupita mwezi mama mkwe akapiga simu mwenyewe, akataka kuzungumza na mkwe wake, si na binti yake. Kule kwake, alisema, nyumba ya pili anakaa aliyekuwa makamu wake wa shule, mstaafu mwenzake, mzee aliyempinga katika kila kikao, na wala hajaacha mpaka leo. Amemweleza habari za Kinu cha Maji, na mzee huyo amethubutu kusema kwamba angefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo anahitaji majeshi mawili. Rangi yoyote.

"Lakini huyo jirani," aliongeza, "mtengenezee wachache."

"Mama, hiyo si haki."

"Haki nilimpa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Haikumsaidia."

Fundi akasema ndiyo, Mama. Akaweka simu, akaenda karakana, akatafuta vipande vya plastiki vilivyobaki kwenye seti ya siku hiyo, akawasha moto wa kuyeyushia nta. Mteja aliyekuwa amekaa benchi la nje tangu mchana alichungulia, akauliza kwa fizi zake kama sasa ni zamu yake.

"Zamu yako iko karibu," fundi alimjibu, "ila leo nina agizo la haraka."